Shuwa ya Ngokolo

Ujumbe ulinikuta zahanati, Katoro, asubuhi ya kliniki ya watoto, foleni ya akina mama ikiwa imetoka mlangoni mpaka kwenye vumbi la barabarani. Namba ilikuwa ya nje ya nchi. Kiswahili chake kilikuwa cha mashine, kile ambacho kila neno ni la Kiswahili lakini yakikaa pamoja hayafahamiani: "Amani iwe juu yako binti wa Shinyanga. Baba yangu anakataa chakula. Anataka nyama ya ardhi ya mama yake. Tafadhali uliza shangazi jinsi gani."

Nilimaliza kumpima mtoto niliyekuwa nimemning'iniza kwenye mzani, nikausoma tena, nikakaa chini.

Nilimjua aliyeandika, ingawa nilikuwa sijamwona tangu nikiwa darasa la nne. Baba anayemtaja ni kaka wa bibi yangu mzaa baba, mzee aliyezaliwa Shinyanga, akaondoka akiwa kijana kwenda Maskati na hakurudi tena. Na hiyo nyama ya ardhi naijua. Sisi tuliiita shuwa: nyama ya mbuzi iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikashushwa kwenye shimo lenye makaa, shimo likazibwa kwa udongo, nyama ikalala humo siku nzima mpaka ikaachia mfupa yenyewe.

Jumamosi nikapanda basi kwenda nyumbani. Bodaboda akanishusha Ngokolo mbele ya nyumba yetu ileile ya bati, yenye kibaraza kirefu ambacho zamani kilikuwa cha duka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mtandio umefungwa vizuri, kucha zimepakwa hina. Mama yangu ndiye humpaka. Mama ni mkwe wake, Msukuma wa Samuye, na tangu baba afariki wamebaki wawili tu ndani ya nyumba ile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi?"

"Katoro, bibi."

"Ahaa, Katoro." Akanisogezea stuli. "Karibu sana. Mimi nina mjukuu wangu huko, nesi. Labda unamfahamu."

Nikasema namfahamu. Nikamwambia mjukuu wake hajambo na anamsalimu. Akafurahi mno, akamwita mama alete chai ya mgeni.

Nilipokwishakunywa nikamuuliza taratibu, "Bibi, kwenye shuwa ulikuwa unatia nini?"

"Shuwa?" Akafikiri. "Kwani sikukuu ni lini?"

"Bado, bibi."

"Basi bado," akasema, akaendelea kutazama bodaboda zinazopita.

Acha nikusimulie jinsi mambo yalivyokuwa, rafiki yangu, ili ujue nilikuwa natafuta nini siku ile.

Baba yake bibi alitoka Omani akiwa kijana, akafungua duka Shinyanga la nguo, chumvi na mafuta ya taa, akaoa binti wa Kiarabu wa Tabora. Bibi alizaliwa hapahapa. Bahari hakuwahi kuiona. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu, na Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kisukuma kama cha mtu yeyote wa sokoni. Lakini ukiingia jikoni kwake ulikuwa umevuka mipaka. "Sisi watu wa Maskati," ndivyo alivyokuwa akianza kila sentensi iliyohusu chakula, na sisi wajukuu, wenye mama wa Samuye, tuliamini kabisa kwamba Maskati ni mahali fulani nyuma ya stoo, kunakotoka hiliki.

Asubuhi nyumba iliamshwa na kahawa chungu. Aliichemsha kwenye dele la shaba lenye mdomo mrefu, akatia tangawizi na hiliki, na harufu yake ilipita chini ya mlango ikatukuta kitandani. Mwezi wa Ramadhani aliponda bokoboko, ngano na nyama vilivyopikwa pamoja tangu alfajiri, mwiko mkubwa ukigonga sufuria mpaka majirani wakajua futari ya siku hiyo. Tulikula sote kwenye sinia moja. Bibi alikuwa na ujanja wake: bila kukutazama, kwa ncha ya kidole, alikuwa akisukuma minofu mizuri upande wako, halafu anajifanya anakwangua ukoko.

Siku za mnada watu walioleta ng'ombe walipita kibarazani kuomba maji. Hakuna aliyepewa maji matupu. "Keti kwanza," bibi alisema, na mtu akaketi na fimbo yake magotini, akaletewa wali na mchuzi, akaondoka akiwa mzito. Wengine walirudi na matango, au michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Bibi alikuwa akitafuna michembe kwa kahawa, akisema Maskati wanakula hivyohivyo kwa tende. Sidhani kama alikuwa anadanganya. Nadhani alikuwa anajenga daraja kwa vifaa alivyokuwa navyo.

Lakini shuwa ilikuwa jambo jingine. Ilipikwa sikukuu tu, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Majani ya mgomba tuliyapata sokoni kwenye malori ya ndizi kutoka upande wa Geita. Jirani yetu, mjane wa Kisukuma aliyekaa ng'ambo ya ua wa minyaa, alileta samli na ukwaju. Mama alikuwa mtu wa moto. Yeye ndiye aliyechagua kuni za mgunga, akazipanga shimoni, akakaa kando akingoja mpaka mawe yawe meupe kwa joto. Mimi nilikuwa mtu wa udongo. Nilitumwa na ndoo kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha pamba, kwa sababu udongo wa kichuguu haupasuki ukikauka, nikaukanda kwa miguu mpaka ukawa laini kama unga wa chapati, na kwa huo tukazibia bati lililofunika shimo.

Na viungo, alivyofundishwa na mama yake, vilikuwa vya bibi peke yake. Aliingia stoo na kinu chake cha chuma, akafunga mlango kwa ndani. Tulisikia kinu tu. Alitoka na bakuli lenye rojo jekundu lenye weusi, macho yanamtoka machozi ya vitunguu saumu, akaipaka ile nyama kwa mikono yake miwili, kila mkunjo, kama mtu anayemwogesha mtoto.

"Moto wa mkwe wangu, viungo vyangu," alikuwa akiwaambia wageni. Nilipokuwa mdogo niliisikia kama sifa kwa mama. Sikuona jinsi mama alivyokuwa akiinama na kuanza kukusanya vijiti kila inaposemwa.

Mwaka ule nikiwa darasa la nne ikaja barua kwamba mtoto wa kaka yake bibi atatutembelea. Hakukuwa na sikukuu, lakini bibi hakuuliza kalenda. Kuta zilipakwa chokaa. Godoro jipya likaletwa. Jumatano alasiri mbuzi akashushwa shimoni, ili Alhamisi mchana, mgeni akishuka kwenye gari kutoka Mwanza, afunguliwe mbele ya macho yake.

Alhamisi mgeni hakuja. Mvua ilikuwa imekata barabara, lakini hilo hatukulijua; simu hazikuwepo. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Jirani akatokeza kichwa juu ya ua wa minyaa, akimwita bibi mama kwa Kisukuma.

"Mayu, fungueni mle. Nyama itakuwa mkaa hiyo."

"Mgeni hajafika," bibi akajibu.

Mama akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, moto niliuweka wa siku moja. Na ni mkali."

"Basi omba Mungu uwe uliuweka vibaya," bibi akasema, akaingia ndani.

Mama akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, hapa, kisha pale, kisha pale. Nilimtazama. Alikuwa kama mtu anayemshika mgonjwa kipajini. "Kuna nyufa," akaniambia. "Moto unavuta pumzi hapo. Lete udongo." Nikakimbia kichuguuni. Nikakimbia tena. Siku ile na asubuhi iliyofuata nilikwenda sijui mara ngapi, nikikanda na kumletea, na yeye akiziba kila mahali palipotoa hata uzi mwembamba wa moshi, akiunyima moto hewa ili usinzie bila kufa. Hakwenda kulala kitandani. Bibi alipita mara mbili tatu akatutazama, akarudi ndani.

Ijumaa baada ya swala mgeni akafika, kijana mrefu, kanzu yake nyeupe ikiwa na matope mpaka magotini, harufu ya manukato ikimtangulia. Mkononi alikuwa na begi na katoni ya maji ya chupa. Bibi akamkumbatia akalia. Yeye akasema maneno mengi kwa Kiarabu. Bibi akajibu, "Karibu baba, karibu," akasema tena, "karibu baba," kisha maneno yakamwishia. Akageuka kututazama kama mtu aliyefika kituoni akakuta basi limeondoka. Miaka yote ile ya sisi watu wa Maskati, na Maskati ilipoingia mlangoni hakuweza kuiuliza hata habari za safari.

Tukamwita mwalimu wetu wa madrasa aje atafsiri. Mwalimu alijitahidi, maskini, lakini Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, na kila alipofungua mdomo mgeni aliinama kidogo, kama anayesikia hotuba.

Shimo likafunguliwa. Mama alivunja udongo kwa jembe, akainua bati, na mvuke ukatoka. Majani ya juu yalikuwa yameungua yakawa meusi. Bibi akashika mdomo. Mama akayafunua kwa kijiti, tabaka la kwanza, la pili, na chini yake nyama ilikuwa imelala, ya kahawia, inang'aa kwa mafuta yake, laini kiasi kwamba ilipowekwa kwenye sinia mifupa ilitoka yenyewe.

"Viungo vimeilinda," bibi akasema.

Mama alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Alichukua jembe lake.

Mgeni alionja kipande kidogo kwanza, kwa adabu, ile ya mtu aliyeonywa asile ovyo safarini. Kisha akachukua kikubwa. Kisha akakunja mkono wa kanzu, na tangu hapo hakutazama katoni yake ya maji. Bibi alimsukumia minofu kwa kidole, naye alikula mpaka macho yakamlowa, akasema neno kwa mwalimu. Mwalimu akafikiri sana.

"Anasema," akatangaza, "mama wa baba yake yumo ndani ya nyama hii."

Wanawake wakashtuka, mwalimu akajirekebisha, tukacheka. Mgeni akauliza jingine, na hili mwalimu alilitafsiri vizuri: "Anauliza, nani aliyepika?"

Bibi akaweka mkono kifuani pake.

Mama alikuwa nje, anazoa majivu. Nilimwona kupitia mlangoni, mgongo wake. Nilitaka kusema. Udongo ulikuwa bado umekauka kwenye miguu yangu. Lakini mtoto wa siku zile hakuingilia mazungumzo ya wakubwa mbele ya mgeni, nami nikameza wali wangu. Mambo mengi nimeyasahau, hilo halijaondoka.

Mgeni aliondoka kesho yake. Bibi alimpa kopo la maziwa ya unga lililojaa viungo vilivyosagwa, akalifunga kwa kitambaa: la kaka yake. Naye akaahidi, kwa mdomo wa mwalimu, kwamba atatuma tiketi bibi aende Maskati akamwone kaka yake.

Haikutumwa. Sitaki umlaumu mtu. Mwaka mmoja ilikuwa visa, mwaka mwingine kulikuwa na harusi huko, mwingine baba yangu aliumia kwa ajali ya lori hapa. Bibi alipiga picha ya pasipoti, pasipoti ikatoka, ikaisha muda wake ikiwa safi. Simu za mkononi zilipokuja wakawa wanaongea, yeye na kaka yake, kwa Kiswahili cha zamani cha Shinyanga, wakisalimiana kwanza kwa Kisukuma kama walivyofanya utotoni. "Mwadila," husema mmoja. "Mwadila," hujibu mwingine, na hapo tu wanaanza kucheka. Kaka mtu aliomba viungo kila mara. Kopo lilikuwa limeisha zamani. Bibi alisema, "Ukija utakula." Naye alisema, "Wewe uje." Hakuna aliyekuja.

Kusahau kulianza kidogokidogo. Chumvi mara mbili. Dele la kahawa juu ya jiko bila maji. Nilikuwa nimeshaanza kazi, nikarudi likizo ya sikukuu, nikamkuta bibi ameingia stoo na kinu, amefunga mlango kama kawaida. Tulisubiri kusikia kinu. Kimya. Mama akagonga.

"Mama, nikusaidie?"

"Nani kakuita?" sauti ikatoka.

"Basi niambie tu cha kusaga, nisage nikiwa huku nje."

"Toka mlangoni kwangu!"

Mama akatoka mlangoni. Mimi nilisimama pale na elimu yangu ya uuguzi, najua jina la ugonjwa na najua unavyokwenda, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Baada ya muda mrefu bibi akatoka na bakuli, akaipaka nyama kwa mikono miwili, kila mkunjo, kwa uangalifu uleule. Kesho yake tulipofungua shimo na kula, ilikuwa nyama na chumvi. Bakuli lilikuwa na mafuta matupu.

Watu kumi na moja tulizunguka sinia lile. Tukatazamana. Jirani, mzee kabisa wakati huo, ndiye aliyeanza. "Mayu, leo umetuweza," akasema. Tukaitikia wote, tamu, tamu sana, na mama akasema kwa sauti kuliko wote. Bibi akatusukumia minofu. Ile ndiyo ilikuwa shuwa ya mwisho Ngokolo.

Kwa hiyo, rafiki yangu, unaona nilichokuja kutafuta Jumamosi ile na simu mkononi.

"Mama, alikuwa anatia nini?" nikamuuliza mama jikoni.

Mama akaendelea kuchambua mchele. "Unaniuliza mimi? Miaka yote ile sikuvuka kizingiti cha stoo kinu kikiwa kinalia."

"Hata harufu?"

"Harufu naijua. Nikiisikia hata barabarani nitasimama. Lakini harufu utaiandikaje?"

Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa afadhali.

Tuliingia stoo pamoja. Makopo yalikuwa bado kwenye rafu, matupu, nasi tukaanza kuyanusa moja moja kama watu waliopotelewa na kitu gizani. Hili lilikuwa la giligilani. Hili bizari nyembamba. Karafuu, mdalasini, pilipili manga, hizo hazikutupa shida. Kopo moja la mwisho lilikuwa na harufu ya mbali, tamu, yenye uchungu kwa chini, tukalipokezana mara nne. "Hii ndiyo," mama akasema. Ni kitu gani, hatukujua. Nikampelekea bibi kibarazani, nikaliweka chini ya pua yake. Akavuta hewa, akafumba macho, nami nikainama kumsikiliza.

"Nzuri," akasema. "Wewe umeitoa wapi?"

Nilizunguka soko lote la mjini na lile kopo. Wauza viungo walinusa, kila mmoja akataja chake. Nilinunua vyote walivyotaja, nikarudi, mama akanusa, akatikisa kichwa kila mara, mpaka nikaacha kumpelekea kwa sababu nilianza kuona anataka kunidanganya kunifurahisha.

Mwishoni tuliandika tulivyovijua. Niliandika Kiswahili chepesi, sentensi fupi, ili mashine isipotee. Vitunguu saumu, ukwaju badala ya siki, samli, majina ya viungo. Vipimo nilivikisia. Udongo niliueleza vizuri mno. Mama akasema, "Waambie habari za moto," akaketi akanisomea moto wote, kuni za namna gani, mawe yawe na rangi gani, ukiweka kiganja usikie nini, ufa ukitokea ufanye nini. Ilikuwa ndefu kuliko mengine yote. Nikaituma.

Baada ya siku nne, nikiwa nimeomba ruhusa kazini na kurudi tena Ngokolo, zikaja picha. Ua wenye kuta ndefu nyeupe, shimo limechimbwa, wanaume watatu wamesimama na majembe. Yule mgeni wetu alikuwa mmoja wao, amekuwa mtu mzima mwenye kitambi, ndevu nyeupe. Chini ameandika: "Moto wa mama yako ni mzuri sana." Nikamwonyesha mama. Aliishika simu kwa muda mrefu, kisha akaniambia niisome tena.

Ijumaa wakapiga ya video. Tulimvalisha bibi mtandio mpya, mama akaishika simu mbele yake. Kule, mzee alikuwa ameegemezwa mito mingi, amekonda, mashavu yameingia ndani, lakini paji la uso ni la bibi kabisa. Mwanawe akamletea sahani.

"Mwadila," mzee akasema.

"Mwadila," bibi akajibu papo hapo. Kisha akamgeukia mama akanong'ona, "Huyu mzee ni nani?"

"Ni kaka yako, mama."

"Aah." Akamtazama tena kwenye kioo kile kidogo. "Amekonda mno mzee wa watu. Mbona amekaa nje? Mkaribisheni ndani."

Mzee alisikia. Mwanawe akamtia tonge mdomoni, akalitafuna polepole, sote tukimtazama, huku na kule. Akameza. Akakubali la pili. Wanaume waliokuwa nyuma yake wakashukuru kwa sauti. La tatu akaligeuzia uso.

"Babu," nikasema, "ni yenyewe?"

Kiswahili chake kilikuwa kimetulia, hakikuwa kimechakaa hata kidogo.

"Ni nzuri, mjukuu wangu. Mungu awalipe. Aliyeweka moto huu anajua kazi." Akapumua. "Lakini siyo ya mama yangu."

Mwanawe alikuwa akitutazama, kwa zamu, akingoja mtu amtafsirie, na sikuwa na moyo wa kuandika hilo kwenye mashine. Bibi akainama karibu kabisa na simu.

"Mzee wangu, usilazimishe kula usichokitaka," akamwambia. "Njoo kwetu. Hapa sisi tutakupikia."

"Nitakuja," kaka yake akasema.

Alifariki kabla mwezi haujaandama. Tulimwambia bibi. Alisoma alichopaswa kusoma, akauliza marehemu ana watoto, akasikitika vizuri kama jirani mwema. Asubuhi yake tukamwambia tena, akasikitika upya. Mara ya tatu mama akasema inatosha.

Ng'ambo ya ua jirani yetu naye hayupo tena. Minyaa imeng'olewa, pana ukuta wa matofali, na waliohamia humo wana biashara zao Kahama. Tukikutana tunapungiana mikono. Kichuguu kiko chini ya yadi ya kuuzia nondo. Watu bado wanapita kibarazani siku za mnada, wengi kwa pikipiki, na mama huwapa maji wakiomba. Shimo tulilifukia miaka mingi iliyopita, na hapo mama ameweka tenki.

Nilipokuwa naondoka mara ya mwisho, nilimwomba mama anifundishe ule moto, niujue walau huo, nikiwa bado naye. Alikuwa anakoroga uji wa bibi. Alinitazama usoni, akaona kwamba sitanii.

"Nitakufundisha," akasema. "Halafu utafukia nini?"

Nilishika begi langu. Bodaboda alikuwa anapiga honi nje, na kutoka kibarazani bibi alikuwa akiniaga kwa sauti, akinituma nimsalimie mjukuu wake wa Katoro.